Georgia: shirika limefungwa, bili ya umeme imeshinda

Mapema Oktoba 2025 New Georgia Project ilitangaza kwamba inafunga. Hili ndilo shirika ambalo kwa muongo mzima lilitajwa kila ulipozuka mjadala wa namna ya kuwaingiza wapiga kura wapya kwenye daftari huko Marekani. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 4, Wademokrati wawili, Alicia Johnson na Peter Hubbard, wakawang'oa Warepublican wawili kwenye Tume ya Huduma za Umma ya jimbo la Georgia, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Chama chao kilikuwa hakijashinda kiti cha serikali ya jimbo kinachopigiwa kura na jimbo zima tangu 2006.

Tume hiyo ndiyo inayopanga bei ya umeme. Tanzania kazi hiyo ni ya EWURA, Kenya ni ya EPRA, na wakuu wake huteuliwa. Georgia makamishna ni watano na huchaguliwa kwa kura. Kabla ya siku ile wote watano walikuwa Warepublican.

Habari hizi mbili zilipita kwenye kurasa tofauti za magazeti. Mimi naziona ni habari moja. Uhamasishaji wa mashinani Georgia ulikuwa na nguvu kila ulipomkuta mtu na jambo lililomkaba yeye mwenyewe. Ulilegea kila ulipogeuka kuwa hadithi ya mgombea mmoja, ikigharimiwa na wafadhili wa mbali. Mrengo wa kushoto wa Marekani umetumia fedha nyingi sana bila kutaka kulisikia hilo.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 2013 Stacey Abrams alikuwa kiongozi wa Wademokrati walio wachache katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Chama chake kilikuwa kimezoea kuwabembeleza wazungu wa vitongojini waliokwisha kukihama, na kila uchaguzi kikashindwa kwa staha. Abrams alikuja na hesabu nyingine: Georgia ina mamia ya maelfu ya Weusi, Walatino na wenye asili ya Asia wenye sifa zote za kupiga kura, lakini hawamo kwenye daftari. Kwa nini usianze na hao? Ndipo ikazaliwa New Georgia Project. Kufikia 2014 ilikuwa imekusanya makumi ya maelfu ya fomu, na ofisi ya Brian Kemp, Mrepublican aliyekuwa Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, ikafungua uchunguzi dhidi yake.

Miaka minne baadaye Kemp na Abrams waligombea ugavana, wakapambana wao kwa wao. Kemp hakuachia ofisi ya kusimamia uchaguzi hadi kura zilipokwisha kupigwa. Kwa lugha ya mpirani, refa alikuwa amevaa jezi. Wiki chache kabla ya siku yenyewe ikafichuka kwamba maombi 53,000 ya kujiandikisha yamewekwa kiporo, karibu asilimia 70 yakiwa ya Weusi. Sababu yake ni kanuni iliyotaka maelezo ya fomu yalingane herufi kwa herufi na kumbukumbu za serikali. Kistari kikikosekana kwenye jina la ukoo, fomu inalala. Kisheria watu hao waliruhusiwa kupiga kura wakifika na kitambulisho. Lakini nani aliwaambia? Barua ya serikali inayosema jina lako lina dosari humfanya mtu wa kawaida abaki nyumbani. Anahitaji jirani wa kumwambia nenda tu, chukua leseni yako, wakikukatalia nipigie simu.

Kazi hiyo ya ujirani haikuwa ya Abrams peke yake, na hapa ndipo simulizi za televisheni zilipowapunja watu. Agosti 2018, katika kaunti ya Randolph kusini magharibi mwa jimbo, ambako Weusi ndio wengi, lililetwa pendekezo la kufunga vituo 7 vya kupigia kura kati ya 9. Sababu iliyotolewa ni kwamba majengo hayakidhi mahitaji ya walemavu. Zamani mabadiliko ya namna hiyo yangelazimika kwanza kupata kibali cha serikali ya shirikisho. Mahakama ya Juu iliuvunja utaratibu huo Juni 2013, kwa hiyo ngao pekee iliyobaki ilikuwa wananchi wenyewe. Wenyeji walijaa kwenye vikao, kelele zikafika hadi nje ya jimbo, na bodi ya uchaguzi ikalitupa pendekezo hilo katika kikao ambacho hakikumaliza hata dakika moja. Hakuna mgombea aliyeshinda chochote siku ile. Ila asiye na gari hakulazimika kusafiri maili nyingi ili apige kura.

Oktoba ya mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Louisville, kaunti ya Jefferson, wazee wapatao 40 wa kituo kimoja cha wazee walikuwa wameshapanda basi la Black Voters Matter waende kupiga kura ya mapema. Shirika hilo lilianzishwa na LaTosha Brown na Cliff Albright, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuvipa fedha vikundi vidogo vya vijijini ambavyo mfadhili wa New York hatavijua maisha yake yote. Mtu fulani akapiga simu ofisi za kaunti. Wazee wakaambiwa washuke, kwa maelezo kwamba shughuli ile ni ya kisiasa. Wakashuka. Baadhi yao walikuwa na umri wa kuikumbuka Georgia ambayo Mweusi aliyekwenda kujiandikisha alihatarisha kibarua chake, kama si roho yake. Sidhani kama kuna tangazo la televisheni lingeweza kuwaeleza thamani ya kura kuliko amri ile ya kushuka.

Kemp alishinda kwa tofauti isiyofika kura 55,000 kati ya takriban milioni 3.9. Abrams akaanzisha Fair Fight, shirika la kutetea haki ya kupiga kura, na kuanzia hapo macho ya nchi nzima yakahamia Georgia. Novemba 2020 Biden alilichukua jimbo kwa kura 11,779. Januari 5, 2021 ikaja duru ya pili ya viti viwili vya Georgia katika Seneti ya Marekani.

Duru hiyo ya pili ina historia yake. Georgia hutaka mshindi apite asilimia 50. Sheria hiyo ilipitishwa miaka ya 1960, na walioipigania walikuwa wanasiasa wa ubaguzi walioogopa kwamba kura za wazungu zikigawanyika kwa wagombea wengi, za Weusi zitajikusanya kwa mmoja na kumpitisha. Kwa miongo mingi mtego ulifanya kazi vizuri, kwa sababu watu hawarudi kupiga kura mara ya pili. Duru ya pili ya Seneti ya 2008 ilipata wapiga kura milioni 2.1 hivi. Ile ya Januari 2021 ilipata karibu milioni 4.5. Wademokrati Raphael Warnock na Jon Ossoff wakashinda wote, na Seneti ikabadili mikono. Ukizitazama kaunti moja moja, zile zenye Weusi wengi zilirudi vituoni karibu kama Novemba, wakati vijijini kwa wazungu wa Republican, walioambiwa na kiongozi wao mwenyewe, Trump, kwamba kura zinaibwa, pengo lilikuwa kubwa zaidi.

Sehemu ya ushindi huo ilikuwa ajenda inayoshikika: ahadi ya hundi ya dola 2,000 kwa kila mtu katikati ya korona. Anayebisha hodi na kusema "okoa demokrasia" anaombwa aache kipeperushi mlangoni. Anayesema hundi yako inategemea kiti hiki hupata dakika tano.

Utafiti nao unaelekea hukohuko. Mwaka 1998 maprofesa Alan Gerber na Donald Green wa chuo kikuu cha Yale walifanya jaribio katika mji wa New Haven. Baadhi ya kaya zilitembelewa mlangoni, baadhi zikapigiwa simu, baadhi zikapelekewa barua, nyingine zikaachwa. Kutembelewa ana kwa ana kulipandisha mahudhurio vizuri, barua zilisaidia kidogo tu, na simu za watu wa kukodiwa hazikusaidia kitu. Miaka karibu 20 baadaye Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 kuhusu jambo jingine: je, kampeni zinaweza kumhamisha mtu kutoka chama kimoja hadi kingine katika uchaguzi mkuu? Wastani wa jibu ulikuwa karibu sifuri. Kwa hiyo hodi inamtoa mtu nyumbani, ila haimbadilishi imani wiki tatu kabla ya kura. Kama unataka kubadili fikra, ilibidi uwe umefika mapema, na ukarudi, na ukarudi tena.

Wanasiasa wetu wa Tanzania wana msemo wao: nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, kitanda kwa kitanda, hadi uvunguni. Ni mbwembwe za jukwaani, lakini kanuni ni ileile. Tofauti ni kwamba Marekani mbisha hodi hushika simu yenye orodha. Daftari la wapiga kura linapatikana kisheria, nalo linaonyesha umewahi kupiga kura chaguzi zipi, ingawa si ulimchagua nani. Programu inampa anwani, jina, umri, na visanduku vya kujaza: hakuwepo, amekataa, anaunga mkono, ana hamaki. Kisanduku cha kuandika alichosema mtu ni kidogo, na mara nyingi hubaki kitupu. Asubuhi ofisi inataka idadi ya milango.

Hiyo idadi ya milango ndiyo ugonjwa wenyewe. Mfadhili anataka namba, na mlango ni rahisi kuuhesabu kuliko mazungumzo. Basi kijana analipwa kugonga milango mingi jioni moja, hamjui mtu mtaa ule, uchaguzi ukiisha mkataba umeisha. Mwenye nyumba anamwona kila baada ya miaka miwili, sura mpya, fulana mpya. Walatino wa kaunti za Gwinnett na Cobb walionyesha njia nyingine. Kwa miaka, GLAHR, kikundi cha kutetea haki za Walatino, na baadaye kikundi kingine cha Mijente, walipambana na mpango uitwao 287(g), ambao unawapa askari wa jela za kaunti kazi ya kukagua uhamiaji wa wanaokamatwa. Dereva aliyeshikwa kwa kukosa leseni aliweza kuishia kufukuzwa nchini. Mwaka 2020, nchi nzima ikimtazama Trump na Biden, wao walibisha hodi kwa ajili ya viti vya mkuu wa polisi wa kaunti. Wakashinda kote kuwili, na mapema 2021 wakuu wapya wakaufuta mpango huo. Hodi ile ilihusu nani atamkuta baba yako barabarani kesho.

Baada ya Januari 2021 bunge la jimbo lilijibu. Machi 25 Kemp alisaini sheria iitwayo SB 202. Ilitaka namba ya kitambulisho kwenye maombi ya kura ya posta, ikapunguza masanduku ya kudondoshea kura hizo, ikafupisha muda wa kuelekea duru ya pili kutoka wiki 9 hadi 4. Pia ikaharamisha kumpa maji au chakula mtu aliye kwenye foleni ndani ya futi 150 za jengo la kituo, au akiwa popote kwenye foleni, ndani ya futi 25 zake. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho aliisimamisha sehemu ya hizo futi 25. Chupa ya maji ilifika mahakamani, na kwangu hilo linatosha kueleza nani aliyekuwa akiogopwa.

Hata hivyo SB 202 haielezi yote yaliyofuata. Novemba 2022 Abrams alirudiana na Kemp akashindwa kwa karibu kura 300,000. Katika uchaguzi huohuo, chini ya sheria hiyohiyo, Warnock alimtangulia Mrepublican Herschel Walker, na duru ya pili ya Desemba akaimaliza kazi. Ina maana kuna maelfu waliomchagua Kemp wa Republican na Warnock wa Democratic kwenye karatasi moja. Warnock alizunguka jimbo akizungumzia insulini na kikomo cha dola 35 kwa wazee. Abrams alikuwa amekwisha kuwa nembo ya taifa, na nembo hupendwa zaidi na wanaoishi mbali nayo. Naheshimu alichokijenga. Lakini mashirika yaliyozaliwa kwa ajili ya wapiga kura yalikuwa yamefungamana mno na jina lake, na jina liliposhindwa nayo yakaanza kuyumba.

Yaliyofuata yanauma kuyasimulia kwa anayewatakia mema. Septemba 2022 jaji aliitupa kesi kubwa ya Fair Fight ya kupinga namna jimbo linavyoendesha uchaguzi, iliyokuwa imeendeshwa kwa karibu miaka minne na kumeza fedha nyingi. Januari 2024 shirika likawaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake kwa sababu ya madeni. Januari 2025 New Georgia Project ilikubali kulipa faini ya dola 300,000, kubwa kuliko zote zilizowahi kutozwa jimboni kwa makosa ya fedha za kampeni, baada ya kukiri kwamba ilimfanyia Abrams kampeni mwaka 2018 bila kutoa taarifa zinazotakiwa. Mshika bendera akikiuka sheria za uwazi hawezi kulaumu mahasimu peke yao. Na hata ile 800,000 iliyozoeleka kutajwa kama idadi ya walioandikishwa na harakati za Abrams, sehemu kubwa yake ni kazi ya utaratibu ulioanza 2016, ambapo anayechukua leseni ya udereva huandikishwa moja kwa moja asipokataa. Foleni ya leseni nayo inastahili pongezi zake.

Kisha ikaja bili. Georgia Power, kampuni inayohudumia wateja wapatao milioni 2.7, iliruhusiwa kupandisha gharama mara 6 ndani ya takriban miaka miwili. Sehemu ya mzigo ilitokana na vinu viwili vipya vya nyuklia vya Vogtle, vilivyochelewa kwa miaka 7 na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30. Juu yake yakaja maghala ya kompyuta ya kampuni za teknolojia, yanayokula umeme kama miji. Na tume yenyewe ilikuwa haijaenda kwa wapiga kura muda mrefu. Weusi wa Atlanta walikuwa wamefungua kesi wakisema kumchagua kila kamishna kwa jimbo zima kunaimeza kura yao. Jaji alikubaliana nao 2022, mahakama ya rufaa ikamtengua 2023, na wakati kesi ikivutana, chaguzi za tume za 2022 na 2024 hazikufanyika. Makamishna walibaki vitini wakipitisha bei, bila kumuuliza mtu.

Kwa mhamasishaji, zawadi gani zaidi ya hiyo? Hana haja ya kueleza tume ni kitu gani. Anaomba aonyeshwe bili ya Julai, mwezi wa viyoyozi, anaweka kidole kwenye jumla, anasema wanaopanga hii wako kwenye karatasi mwaka huu. Yule anayelipa kwa LUKU Temeke au kwa tokeni Kayole angeielewa hotuba hiyo bila mkalimani. Ilieleweka kwa wazungu pia, na kwa Warepublican wasiokuwa na mpango wa kuwapenda Wademokrati. Asilimia 60 na zaidi huzipati Atlanta peke yake.

Wapinzani wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Siku ileile miji ilikuwa na chaguzi zake, Atlanta ikichagua meya, wakati vijijini kwingi hapakuwa na kingine cha kumtoa mtu nyumbani. Mahudhurio yalikuwa madogo kuliko ya uchaguzi mkuu, na Trump alikuwa amelichukua jimbo hilohilo mwaka mmoja kabla kwa kura zipatazo 115,000. Mimi nazikubali tahadhari hizo nusu. Uchaguzi wa mwaka usio na rais ndiyo mahali pa kupima mashinani, maana hakuna upepo wa taifa wa kukubeba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni Desemba 2025. Muda mfupi kabla ya Johnson na Hubbard kuingia ofisini, tume ya zamani iliidhinisha upanuzi mkubwa wa uzalishaji wa Georgia Power, takriban megawati 10,000, kwa ajili hasa ya hayo maghala ya kompyuta. Wapya ni wawili kati ya watano. Mwenye bili aliyeambiwa Novemba kwamba kura itampunguzia mzigo ataona Julai ijayo namba ileile, na hapo ndipo mashirika mengi huwa yameshafunga ofisi. Kumrudia mtu huyo na kumweleza kwa nini haijashuka ni kazi ngumu kuliko kumwomba kura, na haina mfadhili.

Nina jingine, linalowagusa wasomaji wa lugha hii. Clarkston, mji mdogo wa kaunti ya DeKalb pembeni ya Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, wakiwemo Wakongo na Warundi wengi wanaoongea Kiswahili. Waliopata uraia wana haki ya kura, lakini karatasi ya kura ya Kiswahili hawataiona, hata wakiwa laki moja. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa 1975, kinataja lugha za Kihispania, za Asia, za Wenyeji wa asili wa Marekani na wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Tena raia mpya aliyechukua leseni ya udereva kabla ya kuapishwa anaweza kuonekana kwenye kumbukumbu kama mgeni, na jina lake likakwama. Kinachomsaidia ni kifungu cha 208: mpiga kura asiyejua kusoma lugha ya karatasi anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemtaka, mradi si mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Binti anaweza kumsindikiza mama. Lakini haki hiyo haibandikwi mlangoni kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu huijua akiambiwa na mtu.

Mwaka 2026 karatasi ya Georgia itajaa: ugavana ulio wazi kwa kuwa Kemp amemaliza mihula yake, kiti cha Ossoff cha Seneti, na chini huko, kiti cha Hubbard, ambaye alipata kipindi kifupi na lazima arudi kuomba tena. Fedha zitamiminika kwa wawili wa juu. Nitakachokitafuta mimi ni kama kuna mtu wa Albany au Macon, miji ya hukohuko Georgia, anayelipwa mshahara mwezi wa Februari, ambaye kazi yake ni kurudi kwenye ile nyumba alimoiona bili ya Julai.